Skii ngumu na pana kwa milima mikubwa: 108 au 118? Nina kilo 93

Dereva wa Kibosho

Habarini za majukumu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni Mchaga wa Kibosho, naishi Salt Lake City. Naendesha lori la vyakula usiku, na Jumanne na Jumatano ndizo siku zangu za kupumzika. (Kabla hamjauliza: hapana, sijawahi kupanda Kilimanjaro. Nilikuwa naiona kila asubuhi nikienda kukata majani ya ng'ombe, hamu ikaniisha.)

Huu ni msimu wangu wa sita kwenye skii (zile mbao za kutelezea kwenye theluji). Natoka siku thelathini na kitu kwa msimu, karibu zote Snowbird, kituo cha kuteleza hapa Utah. Nina urefu wa sentimita 184 na uzito wa kilo 93 kabla sijavaa kitu. Skii nilizonazo zina upana wa milimita 88 kiunoni (pale katikati) na urefu wa sentimita 177, laini kiasi. Nilizinunua enzi zile nikimwogopa kila mtoto wa chekechea anayenipita.

Shida yangu ina asubuhi na ina mchana. Asubuhi, usiku theluji ikiwa imeshuka sentimita thelathini, ncha zinazama. Nalazimika kukaa nyuma kama mtu anayetafuta kiti, mapaja yanawaka moto kabla ya saa nne. Ikifika saa sita, bonde la Mineral Basin limeshalimwa na watu wote wa Utah, theluji imekuwa matuta kama shamba la viazi. Hapo ndipo nateseka kabisa. Nikiingia kwa kasi kila tuta linapiga ncha, skii moja inaelekea Moshi na nyingine Arusha.

Mimi sipendi kona ndogo ndogo. Nataka kushuka kwa kasi, kona kubwa, mteremko mkali, niruke mwamba mdogo mmoja mmoja nikijisikia. Jamaa yangu kazini anasema nichukue skii za 118, urefu 191, ngumu kama ubao wa mninga. Kuna mtu anaziuza dola 350 pamoja na baindingi (vile vifungio vya kushikia buti). Mpya naona zinakwenda dola 800 na zaidi bila baindingi, na mimi nina shule ya watoto wawili Moshi.

Nichukue? Au ni kubwa mno kwangu? Na ugumu unapimwaje, maana dukani kila mtu anaikunja skii kwa mkono, anatikisa kichwa kama daktari, na mimi naitikia tu.

---

Simba wa Denver

Kaka, chukua hizo 191 leo, kesho hutazikuta. Skii ngumu zinakufanya uwe mwanamume. Ukinunua ndogo utanunua tena mwakani. Mimi nilianza na 115 msimu wa pili, niko hai.

---

Bi Fundi

Mdogo wangu Dereva, salamu. Simba, nawe baba, punguza moto.

Mimi ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, na huu ni msimu wangu wa kumi na moja katika chumba cha matengenezo cha duka la skii hukuhuku Utah. Chumba hakina dirisha, kinanuka nta iliyoungua, na kila Jumatatu naletewa majeruhi wa wikendi: kingo zilizong'oka, matumbo yaliyochanwa na mawe, baindingi zilizofungwa na mume wa mtu kwa drili ya nyumbani. Ninayoyasema yamepita mikononi mwangu.

Umeuliza swali moja na kumbe ni mawili. Upana ni kitu kimoja, ugumu ni kitu kingine. Upana unajibu asubuhi yako, ugumu unajibu mchana wako. Rafiki yako amevifunga pamoja kama ugali na mboga, lakini ziko skii pana zilizo laini kama mkeka, na ziko nyembamba ngumu kama reli.

Tuanze na upana, ni hesabu tu. Skii yako ya 88 ukiipima kutoka ncha hadi mkia, ile sehemu inayogusa theluji ina wastani wa sentimita kumi na nusu hivi kwa upana. Mbili zinakupa kama sentimita 3,600 za mraba. Wewe na buti, nguo, skii zenyewe na begi mnafika kilo 105. Kila sentimita inabeba gramu 29. Ukienda kwenye 108 yenye urefu wa 184 unakuwa na kama 4,300, mzigo unashuka hadi gramu 24 na kitu. Ukienda kwenye hizo 118 za 191 unafika 22. Hebu tazama: hatua ya kwanza imekupunguzia karibu gramu tano, ya pili mbili na ushei. Faida kubwa unaipata unapotoka kwenye 88. Baada ya hapo unalipa zaidi ili upate kidogo.

Na eneo peke yake halielezi yote. Theluji ya Utah ni kavu, maji ni kama asilimia 8 tu, ukisimama juu yake unazama vilevile hata na mlango. Kinachokuinua ni kasi. Ni kama yule mtu anayevutwa na boti pale Nyali: boti ikisimama anazama, boti ikikimbia anapaa. Marehemu Shane McConkey, mtelezi wa skii, aliliona hilo mapema. Alikwenda Alaska akashuka mlima kwa skii za majini, watu wakacheka, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Volant ikatoa Spatula aliyoibuni yeye, skii iliyojipinda kinyume, katikati pana kuliko ncha, ncha na mkia vimeinuka. Kabla yake, mwishoni mwa miaka ya 1980, Rupert Huber wa Atomic huko Austria alikuwa amekwishakata ubao wa theluji katikati ukawa skii mbili nene. Hizo zote unazoziona dukani zenye ncha iliyoinuliwa kama omo ya jahazi ni wajukuu wa hao wawili. Ncha ikiinuka haichimbi, nawe huna haja ya kukaa nyuma. Kwa hiyo hayo mapaja yako yanayowaka asubuhi yanaponywa na umbo la ncha kuliko milimita za kiuno.

Sasa ugumu, na hapa ndipo watu wanapoumia.

Wewe ni dereva. Lori lenye springi za tani kumi na tano, ukilipakia, barabara ya matuta linakwenda limetulia kama bibi harusi. Literemshe mzigo, rudi nalo tupu njia ileile: linarukaruka kama mbuzi, usukani unakupiga mikono. Springi ni zilezile. Skii ngumu ndizo hizo springi, na mzigo ni uzito wako pamoja na kasi yako. Mtu wa kilo 93 anayekwenda kasi anaipakia skii, inakunjwa, inamtii. Huyohuyo akiogopa akapunguza mwendo, lori limekuwa tupu.

Mimi nililipa kujifunza hili. Mwaka 2016 nilikuwa na kilo 61 na kiburi cha kilo mia. Nilitazama mashindano ya Verbier kule Uswisi, pale wanaposhuka uso wa mlima Bec des Rosses, nikasema na mimi niko hivyo. Nikanunua skii za 184 zenye tabaka mbili za titanali, nikaenda nazo High Rustler kule Alta, jirani wa Snowbird. Kwa asiyepajua: ni mteremko mkali unaotazama maegesho ya magari, yaani ukianguka, watu wote wanaokula sandwichi zao wanakuona. Kona ya kwanza malkia. Ya pili malkia. Ya tatu niliona jiwe, moyo ukarudi nyuma, na mwili ukaufuata. Mikia migumu haina msamaha: ukikaa juu yake inakurusha mbele kama manati. Nilishuka uliobaki kwa tumbo, goti wiki sita, na mtu mmoja maegeshoni alinipigia makofi. Sijamsahau.

Titanali, nalo tulieleze, maana wauzaji wanalitaja kama dawa. Ni aloi ya alumini kutoka Austria, si titani. Kazi yake ni kuiongezea skii ugumu na uzito na kuua mtetemo. Skii ya milima mikubwa yenye madini hayo huwa na gramu 2,100 hadi 2,300 kila moja. Watu wanaukimbia uzito, lakini kwenye matuta yako ya saa sita uzito ndio rafiki: skii nyepesi inapigwa na tuta, nzito inalipiga tuta.

Kuikunja kwa mkono dukani hakukuambii kitu kikubwa. Mkono unakunja ncha, na ncha laini inaweza kuwa na tumbo gumu. Bonyeza katikati ukiwa umeegemeza mkia chini, halafu ishike ncha uisokote kama unakamua nguo. Ile inayokataa kusokotwa ndiyo inayoshika ukingo kwenye mteremko mgumu. Unachokitaka wewe: ncha iliyoinuka na laini kiasi, katikati pagumu, mkia wenye nguvu lakini usiwe fimbo. Nusu kipenyo cha kona mita 20 na kitu; chini ya 18 itakuwa inakuvutavuta kugeuka wakati wewe unataka kunyooka.

Sasa hizo 118 za 191. Siku za unga mzito utafurahi, sikatai. Lakini hesabu Jumanne zako na Jumatano zako. Alta na Snowbird zimebarikiwa, msimu wa 2022/23 Alta walipata inchi 903, karibu mita 23, na hata mwaka ule ziko siku nilizofanya kazi ya kunoa kingo kutwa kwa sababu ya barafu. Buti lako kwa chini lina upana wa sentimita 7 hivi. Skii ya 118 ukingo wake uko mbali na mfupa wako, kila ukiegemea kwenye barafu ni goti linalobeba tofauti. Hutaki jambo hilo asubuhi unapokatiza kando ya mlima kuifikia theluji nzuri.

Rai yangu: 106 hadi 112, urefu 184 au 185, usishuke chini ya hapo kwa mwili wako. Blizzard Cochise 106 na Völkl Katana 108 ni za titanali, za mtu anayejua anakokwenda. Salomon QST Blank ya 112 haina madini, inageuka kirahisi zaidi na inasamehe. Dynastar M-Free 108 nayo haina madini lakini haichezewi. Zikodi kwanza, mchana wa matuta, si asubuhi. Asubuhi ya unga kila skii ni nzuri, hata mlango wa choo.

Na sasa swali ambalo hukuulizwa na rafiki yako: buti zako ni namba ngapi, na nani alikupima?

---

Kijana wa Likoni

Samahani wakubwa, mimi nimepita tu. Nimeona mtu anasema "siku za unga mzito utafurahi" nikataka kumpigia simu mama yake. Tafadhali andikeni "unga wa theluji", huku kwetu hilo neno lina wenyewe na wako pale chini ya mwembe.

Halafu mnisaidie: yaani mnalipa pesa ili mpelekwe kwenye baridi?

---

Bi Fundi

@Kijana wa Likoni umeniua. Mama yangu naye hataki nilitamke hilo neno kwenye simu, anasema majirani wanasikia.

Lakini usituone vichaa peke yetu. Sabrina Simader aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya 2018 kule PyeongChang, mteremko wa alpine, amezaliwa hapohapo Kilifi akalelewa Austria. Na Philip Boit wa Eldoret alitangulia Nagano 1998, kilomita 10 za skii za nyika, akafika wa mwisho na Bjørn Dæhlie aliyeshinda akamngoja mwisho wa njia amkumbatie. Vuka feri uje.

---

Mutu wa Bukavu

Bandugu, jambo. Mimi niko Grenoble miaka tisa. Mama Fundi amesema vizuri, lakini niongeze ya Alps, na kwa kitu kimoja sikubaliani naye.

Huko Utah mnabarikiwa: theluji inashuka leo, kesho inashuka tena. Hapa siku ya unga ni moja, kisha siku sita ni theluji ya zamani, upepo umeipiga, juu imefanya ganda. Mimi ninaenda La Grave. Kuna lifti moja ya vibanda kutoka mita 1,450 hadi 3,200, na huko juu karibu hakuna njia iliyotengenezwa, hakuna mtu wa kukuambia pita hapa. Kuna barafu ya kudumu yenye nyufa, tunavaa mkanda wa kamba hata tukiteremka. Kwa mlima kama ule, skii ya 118 kwangu ni gari la harusi. Ninatumia ya 104, urefu 185, na ninapima mikilo 86.

Kwa titanali sikubaliani. Skii ya mbao nzito bila madini inakunjika mviringo, inarudi polepole. Yenye madini ikigonga ganda la upepo inakuwa sawa na reli: inanyooka tu, hata kama wewe ulitaka kugeuka. Kwenye korido ya digrii arobaini, yenye mwamba kulia na kushoto, mimi ninataka kugeuka wakati ninapotaka. Ya Mama Fundi ni nzuri kwa uwanja mpana.

Na kipimo kingine hakikutajwa: buti linakaa wapi juu ya skii. Za kizamani za kasi zinakuweka sentimita kumi nyuma ya katikati, ncha ndefu mbele yako, lazima uisukume kwa mugulu, kifua mbele. Za siku hizi ni tano, sita, unasimama katikati kama kwenye baiskeli. Dereva, kama unasimama nyuma-nyuma, skii ya kumi itakutesa.

---

Bi Fundi

Karibu, ndugu yangu wa Bukavu. Hilo la buti umenitoa aibu, nililisahau, na ndilo ninalolitoboa kila siku. Kuhusu korido nakupa haki yako. Dereva lakini anashuka Mineral Basin, pale ukikosa kugeuka una uwanja wa kuomba msamaha.

---

Dereva wa Kibosho

Nawashukuru sana wote. Dada Fundi, umenitia hofu na hilo swali la buti. Ni namba 29.5. Nilikwenda duka moja msimu wa kwanza, kijana akaniuliza navaa kiatu gani, nikamwambia, akaniletea, nikaingiza mguu, laini kama kandambili. Nikasema hizi hizi. Ugumu wake umeandikwa 90. Kwani vipi?

Na zile 118 nimekwenda kuziangalia Jumatano. Muuzaji ni mzee mwema, alinipa chai. Lakini nilivyozigeuza nikaona matundu yaliyozibwa, seti mbili mbali na iliyopo sasa.

---

Bi Fundi

Seti ya tatu, basi. Mbao imeshakuwa chekecheke. Tundu jipya likiangukia karibu na la zamani skrubu haishiki, na kwa kilo zako itang'oka siku unayoihitaji. Tena baindingi za zamani, watengenezaji kila mwaka wanatoa orodha ya zile wanazozidhamini. Ikishatoka kwenye orodha, fundi mwenye akili hazigusi. Dola 350 ungelipa kununua kesi. Umefanya vyema kunywa chai na kuondoka.

Sasa buti. Fanya hivi leo usiku: toa kile kitambaa cha ndani, bakia na ganda tupu. Ingiza mguu na soksi nyembamba, sogeza vidole viguse mbele, uangalie nafasi nyuma ya kisigino. Mtu anayetaka kushuka kwa ukali anatakiwa awe na sentimita moja hadi moja na nusu, mbili ikizidi sana. Halafu simama na mguu mtupu, kisigino ukutani, upime kwa rula. Niletee namba zote mbili.

---

Dereva wa Kibosho

Nafasi nyuma ya kisigino: sentimita nne. Mke wangu aliingiza mkono wake mpaka kiganjani.

Mguu kwa rula: 27.4.

Nimecheka, halafu nikanyamaza.

---

Bi Fundi

Miaka sita umeendesha lori lenye usukani wa mpira, mdogo wangu. Namba ya buti la skii ni urefu wa mguu kwa sentimita, kwa hiyo wewe ni mtu wa 27.5. Na 90 kwa kilo 93 ni mkate uliolowa. Unaposukuma mbele buti linakunjika kabla skii haijasikia habari. Ndiyo maana uko nyuma na ndiyo maana ncha zinakwenda Moshi na Arusha. Sisemi skii zako hazina kosa. Nasema ungeziweka zile ngumu chini ya hizo buti, ungekuwa unazitumia ujumbe kwa barua ya posta.

Buti kwanza: 27.5, ugumu 120 au 130, fundi wa buti akupanulie pale panapouma. Bei itakuuma, najua. Tafuta za mwaka jana, bei hushuka mwisho wa msimu. Uliza kama soli ni ya GripWalk (ile iliyopinda ya kutembelea), maana si kila baindingi inaipokea.

Na hili si la bei: ukianza kupata kasi utayaona yale malango ya kutokea nje ya mpaka wa Snowbird. Kabla hujapita hata moja, soma taarifa ya siku ya Utah Avalanche Center kuhusu hatari ya maporomoko ya theluji, uwe na bikoni (redio ndogo ya kukutafuta ukifukiwa), beleshi na ufito, na mtu anayejua kuvitumia, si vyako tu bali na vyake. Miteremko mizuri ya kuteleza, digrii 30 hadi 45, ndiyo hiyohiyo inayoporomoka. Nimewahi kutengeneza skii iliyochimbuliwa. Mwenyewe alikuwa mzima, alhamdulillahi, lakini mikono yangu ilikuwa mizito siku ile.

---

Simba wa Denver

Dada, na mimi nimepima. Tatu na nusu. Sitaki mtu aseme chochote.

---

Kijana wa Likoni

Simba wa kandambili.

---

Dereva wa Kibosho

Wiki tano zimepita, naleta mrejesho kama nilivyoahidi kwenye ujumbe wa pembeni.

Buti nimepata, 27.5, ugumu 120, za mwaka jana. Siku ya kwanza nilidhani nimefungwa pingu za miguu, fundi akazipasha moto akapanua pembeni mwa kidole kidogo, siku ya tatu nikaanza kuzipenda. Skii zangu zilezile za 88, njia ileile, nilifika chini nikasimama nikazitazama. Zilikuwa zinanisikia! Nusu ya mateso yangu yalikuwa kwenye soksi.

Halafu nikakodi, mchana kama ulivyoniagiza, ingawa mara ya kwanza nilidanganya nikaanza asubuhi. Jumanne moja QST Blank ya 186. Ilikuwa imeshuka kama sentimita 25, nikapanda tramu mpaka Hidden Peak, watu tumebanana kama daladala ya Kiboriloni. Asubuhi nilipaa, sitanii, sikukaa nyuma hata kona moja, kati ya miti inazunguka unavyofikiri tu. Saa saba kwenye matuta ilikuwa nzuri mpaka nilipokanyaga mafuta. Nikiongeza mwendo ncha zinaanza kupapatika, si kama zamani lakini nazisikia.

Jumanne iliyofuata Cochise ya 185, theluji haikushuka mpya, iliyokuwepo ni ya siku mbili, imelimwa na kuganda. Nikasema leo nitalia. Kona tatu za kwanza iligoma kabisa, nikamkumbuka ndugu wa Bukavu na reli yake. Nikaongeza mwendo kwa hasira. Ikatulia. Yale matuta nikayakata kama yale ya barabara ya Himo lori likiwa limejaa saruji, sauti inasikika chini lakini usukani umetulia. Nilishuka Mineral Basin yote bila kusimama, mara yangu ya kwanza. Baadaye nikaingia nayo kwenye miti nikakumbatia mmoja kwa heshima, kwa hiyo hilo nalo nimelielewa.

Nimechukua Cochise, kutoka kwa jamaa aliyeitumia msimu mmoja, tundu seti moja, dola 420 bila baindingi. Nazo nimepata mpya za punguzo, breki ya 110.

Dada Fundi, naomba uzifunge wewe. Simba ananiambia niweke namba ya kufyatuka juu kabisa kwa sababu skii ni kubwa.

---

Bi Fundi

Namba ya kufyatuka inatoka kwenye uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na jinsi unavyoteleza. Ukubwa wa skii haumo. Ukiikaza kupita kiasi baindingi inabaki, mfupa unaondoka.

Njoo Jumatano baada ya saa tisa, mlango wa nyuma. Leta buti zote mbili, maana kila mwezi yupo anayeniletea moja. Na hizo za 88 usiziuze. Zije nazo nizipige nta, ziko siku za barafu utazililia. Simba mwambie namba yake ninayo, abaki Denver.